Mlio Ambao Sikuusikia

Mwanangu Nasimiyu,

Kutoka hapa mezani nakuona kupitia dirisha. Umepanda nyuma ya pikapu, unakaza kamba za turubai juu ya godoro na vyombo vyako, na watoto wa ploti wamekuzunguka, kila mmoja anataka naye ashike kamba. Mama yako yuko jikoni anakaanga maandazi ya safari. Kesho asubuhi utakuwa barabarani kuelekea Kitale, kwenye kazi yako mpya. Nimeona niandike sasa, jua likiwa bado ukutani, maana baada ya chakula majirani watakuja kukuombea na sitapata nafasi.

Unajua kwa nini naandika badala ya kukuita tukae. Tukikaa, itabidi upaze sauti ili nisikie, na mtaa mzima wa Mbotela utasikia pamoja nami. Kwa simu ndiyo kabisa. Siku hizi mtu akinipigia, namsikia kama aliye ndani ya pipa. Na kuna neno moja hapa ambalo sijawahi kukwambia, na sitaki jirani alijue kabla yako.

Mambo ya sweta, ya neti, ya kutobeba watu usiowajua njiani, mama yako amekwambia wiki nzima. Hayo sitayagusa. Nataka nikusimulie habari za hii pikapu na milio yake. Sehemu kubwa unaijua kwa sababu ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa upande wako wa kiti na mimi nilikuwa wangu.

Hukunijua nikiwa na masikio. Babu yako alipokuwa akifanya kazi reli, tuliishi nyumba hii hii, na nikiwa mtoto sikuhitaji saa. Filimbi ya treni kule Makadara ilinitoa kitandani. Adhana ikija kutoka Majengo wakati upepo umegeuka, nilijua mvua haiko mbali. Nilimjua kila mtu wa ploti kwa viatu vyake. Mama yako alipohamia nyumba ya tatu na dada yake, nilimsikia akiimba akifua kabla sijamwona uso, na nilijipeleka bombani na ndoo ambayo tayari ilikuwa imejaa maji. Alinicheka. Mpaka leo ananikumbusha ile ndoo.

Halafu nikaenda Shauri Moyo kujifunza kutengeneza masanduku ya bati. Wewe umekulia kwenye kelele zile, kwa hiyo kwako ni kawaida, lakini mtu anayefika pale mara ya kwanza husimama tu akishika kichwa. Nyundo mia juu ya bati, kutoka asubuhi mpaka jioni. Wiki ya kwanza nilikuwa nikirudi nyumbani na mlio ndani ya kichwa, kama nyuki kwenye chupa. Baadaye nyuki akanyamaza, kelele zikapungua, nikafurahi. Niliwaambia wenzangu kwamba nimezoea. Sisi sote tulisema hivyo, kwamba tumezoea, na aliyeziba masikio kwa pamba tulimwita bibi arusi.

Pikapu niliinunua kwa Mzee Odera wa Umoja, aliyekuwa anastaafu kazi ya baraza la jiji na kurudi kwao. Ulikuwa mdogo sana. Siku nilipoileta ulilala kifudifudi juu ya boneti kwa sababu ilikuwa na joto, ukakataa kushuka. Rangi yake ya bluu ilikuwa bado inang'aa. Mzee Odera aliniambia jambo moja tu kabla ya kunipa ufunguo: “Usiweke redio kwenye gari hili. Ukiweka redio hutasikia linapougua.” Sikuweka redio. Zile safari zetu zote za kupeleka masanduku shule zikikaribia kufunguliwa, Thika, Naivasha, Machakos, tulizungumza au tulinyamaza, na nyuma masanduku yaligongana.

Huenda unakumbuka mlio wa kwanza. Ulikuwa darasa la tano au la sita. Tulikuwa tunatoka kanisani, na nilipowasha gari nikasikia chini kabisa, ngo, ngo, ngo, sauti nzito kama mtu anayegonga mlango wa mbao kwa ngumi. Ikipata joto inazidi. Ukikanyaga mafuta nayo inakimbia pamoja na injini. Sikwenda popote. Nilifungua boneti nikiwa na suti yangu ya kanisa, nikawa natoa waya wa plagi moja, nasikiliza, narudisha, natoa wa pili. Nilipotoa wa tatu, ule mlio ukalegea, ukawa kama unagonga kwenye blanketi. Nikajua ni hapo.

Siku iliyofuata fundi Njoroge alikuja kuivuta mpaka gereji yake kando ya Jogoo Road. Nikamwambia, “Ni beringi, pistoni ya tatu.” Akanitazama kama mtu anayeambiwa na mgonjwa jina la ugonjwa wake. Alipoifungua, alitoka chini ya gari akiwa ameshika kile kipande kilichochakaa, akacheka: “Baba Nasimiyu, wewe unapoteza muda na mabati.”

Maneno hayo yalinilevya. Kuanzia hapo majirani walikuwa wakiniletea magari nisikilize. Nilikuwa nainama, nafumba macho, nainua kidole watu wanyamaze. Ulikuwa unasimama kando yangu na wewe unafumba macho. Nilikuwa najiona mtu mkubwa sana, mwanangu. Na lile gonga zito la chini ningelisikia hata leo, maana sauti nzito ndizo zilizobaki.

Mlio wa pili ulikuja ulipokuwa umemaliza kidato cha nne, umepata na leseni, unanisaidia kazi. Tulikuwa tumebeba masanduku ya Naivasha. Tulipoanza kupanda kuelekea Limuru, ukainua kichwa.

“Baba, kuna kitu kinalia.”

“Wapi?”

“Mbele. Ti-ti-ti-ti. Kama misumari midogo ndani ya kopo.”

Nikasikiliza. Niliisikia injini inavuma vizuri, nzito, kama siku zote. Nikakwambia ni masanduku. Ukataka tusimame, tukasimama, ukaweka vipande vya katoni katikati ya kila sanduku, tukaondoka.

“Bado,” ukasema. “Ukikanyaga ndiyo inaanza. Ukiachia inanyamaza.”

Leo mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni kwenu angejua maana ya maneno hayo. Ulikuwa umenipa ugonjwa wote, pamoja na mahali na wakati. Mimi nikakujibu, na najua hujasahau: “Wewe umeanza kuyajua magari lini? Nilikuwa nikisikiliza injini hii ukiwa unanyonya.”

Ulitazama nje ya dirisha mpaka Naivasha.

Nimeifikiria safari hiyo mara nyingi kuliko unavyodhani. Sikukasirika kwa sababu ulisema uongo. Ningejua ni uongo ningecheka. Nilikasirika kwa sababu ulinitazama kwa mshangao, ukishangaa kweli kwamba sisikii, na kuna sehemu ndani yangu iliyoona mshangao huo ikaogopa. Kwa muda, sikumbuki ni wiki ngapi, hukuniambia tena chochote kuhusu gari. Ulikuwa unaingia, unafunga mlango, unaweka mikono mapajani. Nikaona ni heshima. Nikajipongeza kwamba sasa mtoto amekoma.

Halafu ikaja ile safari ya Narok na mama yako. Tulikuwa tumepeleka masanduku, tukarudi na magunia ya viazi, sisi watatu tumebanana mbele, mama yako katikati akishika mfuko wa mayai mapajani. Tulipoupanda ule mwinuko wa kutoka Mai Mahiu, ukungu ulikuwa umeshuka. Gari lilikuwa limeelemewa na mimi nilikanyaga kama mtu anayefukuzwa. Mama yako aliniambia baadaye kwamba wewe ulikuwa umeshika mpini wa mlango mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Ulikuwa unasikia. Njia nzima ulikuwa unasikia, na hukusema, kwa sababu nilikufundisha kutosema.

Nguvu zikapungua. Sindano ya joto ikalala upande mwekundu. Kisha ule moshi mweupe, na harufu tamu ya maji ya rejeta, na gari likasimama lenyewe kando ya barabara huku malori yakitupita yakipiga honi. Mama yako alisema tu, “Mayai ni mazima,” akashuka, akaanza kuomba. Wewe ulishuka ukatafuta mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu. Mimi nilibaki nimeshika usukani. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu anilaumu, na hakuna aliyenilaumu, na baridi ile ya mlimani sitaisahau.

Njoroge alikuja na gari la kuvuta. Wiki hiyo akaifungua injini. Gaskiti ya kichwa cha injini ilikuwa imeungua, lakini si hiyo aliyoniitia. Alitoa pistoni moja akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea kiganjani. Ukingo wake ulikuwa umeliwa. Umeona kipande cha sabuni kilichotafunwa na panya? Ndivyo ulivyokuwa.

“Hii imekuwa ikilia muda mrefu,” akasema. “Hukusikia?”

“Haikulia.”

“Imelia, Baba Nasimiyu. Pistoni haiwezi kuliwa hivi bila kupiga kelele.”

Nikamwambia tena kwamba haikulia. Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa gereji ukiwa na chupa ya soda, ukashusha macho tu. Njoroge akakuona. Nadhani ndipo alipoelewa, maana hakubishana nami tena. Alimaliza kazi yake kwa siku kadhaa, na siku ya kuichukua akaniambia nisimame mbele ya boneti. Akalegeza distribyuta, ile inayogawia plagi moto, akaisogeza makusudi, mbele kuliko inavyotakiwa, ili moto uwake mapema. Kisha akamwambia kijana wake akanyage mafuta kwa ghafla.

“Haya, sikiliza.”

Injini ikanguruma. Nikafumba macho kama nilivyozoea, nikainua kidole. Nilisikia ngurumo, nikasikia feni. Nikafumbua macho ili niseme kwamba iko sawa. Ndipo nikaziona nyuso zenu. Wewe ulikuwa umekunja uso kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. Njoroge alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Kijana aliyekuwa kwenye usukani alikuwa anauma meno. Hata yule mama anayeuza chai pale nje alikuwa amegeuka. Kila mtu pale alikuwa anasikia kitu, na mimi nimesimama katikati yenu na kidole changu juu.

Nilikishusha polepole. Sijui kama uliona.

Njoroge alizima gari, akaniwekea mkono begani, mkono wenye oili, akasema kwa sauti ya chini, sauti nzito ambayo niliisikia vizuri sana: “Si gari peke yake linalohitaji kupimwa.”

Hospitali ulinipeleka wewe. Uliniambia tunakwenda kumwona mtu wa macho ya mama. Nilijua unadanganya, nikakubali kudanganywa. Walinifungia ndani ya kile chumba kidogo, nikavaa vile vitu vya masikioni, nikaambiwa nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikaa mule muda mrefu sana bila kubonyeza. Nilidhani mashine imeharibika. Yule dada aliyenipima alikuwa mpole. Alisema sauti nene bado ninazo, lakini zile nyembamba zimekwenda, na nyundo ndizo zilizozichukua, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Nikamuuliza zitarudi lini. Akakutazama wewe kwanza, ndipo akanijibu.

Wiki zilizofuata mlidhani nimenuna. Nilikuwa natembea nikihesabu vilivyoondoka bila kuaga. Ndege wa asubuhi kwenye ule mti wa nyuma ya choo. Sufuria ikianza kuchemka. Mvua ya kwanza ndogo juu ya mabati, ile nyepesi kabla haijakolea. Kanisani nilihama kiti, nikaenda kukaa mbele kabisa karibu na kwaya, na nilimtazama mama yako akifungua mdomo, na sauti za wanaume zikanijia, na yake haikuja. Nyimbo zote tatu. Niliporudi nyumbani nilimwambia ameimba vizuri. Alijua. Alinipakulia chakula akakaa karibu nami kuliko kawaida.

Na sasa nifike kwenye neno lile nisilowahi kukwambia.

Unakumbuka siku uliyoniomba ruhusa ya kwenda chuo? Ilikuwa kabla ya ile safari ya Narok. Tulikuwa tunakunywa chai ya jioni, mama yako akiwa anachambua mchicha. Wewe ulikuwa umeinamia kikombe, ukasema kitu taratibu, ukaniangalia. Nikakujibu, “Chukua, mama, chukua tu. Si ipo ya kutosha?” Ukanirukia shingoni. Nilishangaa kidogo, lakini nani anakataa kukumbatiwa na binti yake.

Baada ya muda ukaingia nyumbani na ovaroli mpya ya bluu na viatu vizito, ukisema masomo yanaanza Jumatatu. Ulipotoka nikamgeukia mama yako kwa hasira. Nikasema mtoto amejiamulia mwenyewe, nani amemruhusu kwenda kulala chini ya magari ya watu na wanaume?

Mama yako akaacha kufagia. “Si wewe ulimwambia achukue?”

“Achukue nini?”

“Hiyo kozi. Alisema, Baba, nataka kusomea magari.”

Mwanangu, mimi nilikuwa nimesikia unataka kuongeza sukari.

Hiyo ndiyo ruhusa uliyopewa. Ningekusikia sawasawa, ningekataa. Naandika hivi nikijua utaumia kidogo, lakini ni kweli. Ningesema heri usomee ualimu au uuguzi, ningesema mambo marefu kuhusu wasichana na gereji, na kwa jinsi nilivyokuwa siku zile ungetii. Nilikaa kitandani nikiwa na maneno ya kukuita ili nikukataze. Lakini ili nikukataze ilibidi nikiri kwamba sikusikia, na wakati huo hata kwa mama yako sikuwa nimekiri. Nikaona aibu. Nikanyamaza. Kwa hiyo uliingia chuoni kwa sababu baba yako ni kiziwi na ana kiburi. Nimecheka peke yangu mara nyingi kwa jambo hilo, na mara nyingine sikucheka. Mama yako ameitunza siri hii mpaka leo. Ukimsikia anacheka bila sababu mtu akisema neno sukari, sasa unajua.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo. Mambo niliyoyaamua kwa akili zangu timamu, mengi yalikwenda kombo. Hili sikuliamua, nalo ndilo jema kuliko yote.

Kile ninachopenda kukumbuka zaidi kilikuja baadaye, ukiwa tayari chuoni. Gari lilikuwa limekaa vizuri baada ya Njoroge, halafu Jumamosi moja ukaja nalo kazini kwangu Shauri Moyo, ukasimama mlangoni, ukavuta pumzi kana kwamba unajiandaa kupigwa.

“Baba, imeanza tena.”

Niliweka nyundo chini. Nilikuwa nimejifunza swali moja tu, nikakuuliza hilo. “Lini?”

Uso wako, Nasimiyu. Ungejiona uso wako.

“Nikipanda. Gia ya tatu. Injini ikishapata moto.”

Tukaanza kutafuta, wewe na mimi. Tulimwaga petroli yote kwenye ndoo, ukainusa ukasema ina mafuta taa ndani yake, mtu ameichanganya. Tukaweka safi. Kelele ikapungua, haikuisha. Tukafungua rejeta, tukaisafisha kutu mpaka maji yakatoka meupe. Ikapungua tena, haikuisha. Ikabaki taimingi, ule wakati wa moto kuwaka. Wewe ulianza kunieleza kwa maneno ya chuo, na mimi nikashindwa kuyafuata, basi ukafikiri kidogo, ukachukua nyundo yangu. Ukasema, “Baba, bati linakuja juu. Ukilipiga kabla halijafika, nyundo na bati vinakutana njiani. Ndiyo ile kelele. Moto unawaka kabla pistoni haijafika.” Nikaelewa mara moja. Sijawahi kufundishwa kitu vizuri namna ile.

Tukaenda kwenye ule mwinuko wa kutoka mtoni Gikomba kuja Pumwani. Wewe kwenye usukani, nyuma mabati chakavu ili gari liwe zito. Mimi nilisimama juu, kando ya barabara. Tulikubaliana kwa mikono: ukisikia mlio unatoa ngumi dirishani, usipousikia unatoa kiganja. Ulipanda, ukatoa ngumi. Nikafungua boneti, nikaizungusha distribyuta nyuma kidogo, unene wa ukucha. Ukashuka ukageuza, ukapanda. Ngumi. Unene wa ukucha tena. Wazee wa Majengo walikuwa wameketi barazani wakitutazama, wakidhani tunafundishana kuendesha. Vijana wa pale walianza kupiga kelele, “Mzee, huyo dem amekushinda! Mwachie mtambo!” Uliwajibu kitu kwa Sheng ambacho sikukisikia, lakini waliangua kicheko wakakupigia makofi.

Kisha ukapanda na mkono ukatoka dirishani ukiwa wazi. Vidole vyote vitano, vyeusi kwa oili, ukivichezesha hewani mpaka ulipofika juu.

Tulipoinama kukaza ile skrubu ya distribyuta ndipo tukagundua uzi wake umekwisha. Ndiyo maana ilikuwa ikijisogeza yenyewe barabarani. Hapo ilikuwa zamu yangu. Nilikata kipande cha chuma, nikakikunja, nikakitoboa, tukaifunga isitoke. Mpaka leo haijasogea. Tulikula mihogo ya kukaanga pale pale barazani kwa wale wazee, mikono yetu ikiwa michafu, na mmoja wao akaniuliza, huyu ni mtoto wako wa ngapi? Nikamwambia ni wa pekee. Akasema, basi Mungu hakukunyima.

Nimekwambia haya yote na sijakupa hata ushauri mmoja, na mama yako ataniuliza. Basi nikupe huu wa barabarani. Ukiupanda mwinuko wa Timboroa kesho na mzigo huo, usilipiganie gari. Likianza kulia juu juu, ti-ti-ti, rudisha gia, legeza mguu, acha malori yakupite. Likigonga chini, ngo ngo, simama pale pale, hata kama unaona taa za mjini. Unayajua. Nayasema kwa sababu baba lazima aseme kitu. Na huko gereji utakakokuwa fundi mkuu, atakuja mzee mmoja na gari lake, akwambie halina neno, na wewe unasikia wazi kwamba lina neno. Usimcheke. Mwambie asimame upande wako, mtazame usoni. Kama anaogopa, utaona.

Nimekupa pikapu, na watu wananiuliza nitafanyaje. Masanduku siku hizi wanunuzi wanayafuata wenyewe Shauri Moyo. Na mimi sipaswi kuendesha tena, tuseme ukweli. Juzi mtoto wa baiskeli alipiga kengele nyuma yangu na sikujua mpaka nilipoona kivuli chake. Sikuwaambia.

Leo mchana ulinichukua tukalijaribu gari mara ya mwisho, mpaka Umoja tukarudi kwa Outer Ring. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa kiti cha abiria katika gari langu na kutokuwa na kazi yoyote ila kutazama. Sikutazama barabara. Pale tulipopanda daraja la juu, niliona kichwa chako kimeinama kidogo upande wa injini, na mguu wako ukaachia mafuta, polepole, kisha ukarudi. Hukuniambia kitu na mimi sikuuliza. Sikusikia chochote. Nilikaa nikitazama ule mguu, nikatulia moyo kwa mara ya kwanza tangu uniambie unaondoka.

Ukifika, mpigie mama yako, yeye ataniambia kwa mikono. Asubuhi usipige honi kutuaga, utaamsha ploti bure na mimi sitaisikia. Nitakuwa nimesimama mlangoni. Ukifika pale kwenye kona ya duka, kabla hujaingia Jogoo Road, washa indiketa zote mbili kwa pamoja, ziwake na kuzimika kidogo. Nitaona. Kisha kata kona uende.

Ni mimi baba yako,
Wekesa